Uzito wa Mtu Mmoja

Noreen Tapsell alikuwa amekwenda bombani kujaza madumu mawili ya maji. Kazi ya dakika ishirini, basi. Aliporudi, jua likizama nyuma ya kilima, alikuta nusu ya boti yao iko nje, imepangwa kwenye njia ya kando ya mfereji.

"Neville! Umeibomoa?"

"Nainyoosha, mke wangu," sauti ya mumewe ikatoka chini ya sakafu. "Punguza kelele."

Boti yenyewe iliitwa Hollyhock, futi sitini kwa urefu, na upana ambao mtu mnene huujutia. Waliuza nyumba yao Stafford ili wainunue. Hawakuwa na paa lingine duniani. Kesho saa nne asubuhi angekuja mkaguzi, na asipotia sahihi, hakuna bima, na asiye na bima hufukuzwa mferejini. Na Neville, fundi wa kujifunza mwenyewe, alikuwa amefunga jiko jipya na betri zote upande wa kushoto. Boti ikalalia kushoto. Ndiyo maana alikuwa anang'oa mbao na kutoa mawe ya farumi ya upande huo, yale mawe yanayolazwa chini ya sakafu ili chombo kitulie majini.

Kumi na mawili alikuwa ameshayatoa. Kumi na moja yalikuwa vipande vya lami na zege. La kumi na mbili lilikuwa jembamba, laini. Noreen akalimulika kwa tochi.

HANNAH PYE. 1868. Chini yake palikuwa pamevunjika.

"Nev... hili ni jiwe la kaburi."

"Lilikuwa la kaburi. Siku hizi ni la farumi."

Noreen alicheka, kisha akaudhika kwa kucheka. Akaingia ndani kubandika birika.

Sasa, watu wa mfereji wana mambo yao. La kwanza, boti huhisi upesi. Mtu akikanyaga, inazama kidogo upande wake, na aliye ndani anajua bila kuinua macho. Noreen aliujua uzito wa mumewe hata akiwa usingizini. La pili, hakuna anayepanda boti ya mwenzake hivi hivi. Unasimama kando, unagonga ubavu wa boti, unangoja uitwe.

Ngo.

Ngo.

Ngo.

Neville, kichwa kikiwa bado chini ya mbao, akajibu kama anavyojibu siku zote. "Panda tu! Mlango uko wazi!"

Boti ikazama kidogo. Mbele. Taratibu mno, kama mtu anayejaribu kama itambeba.

Hakuna aliyeingia.

"Nani?" Noreen akauliza.

Ikaja harufu tu. Matope ya chini kabisa, na sufu iliyolowa. Jiko lilikuwa linawaka, lakini mikono yake ilikuwa baridi.

Kikombe cha chai kikaanza kutembea mezani. Kilikwenda kushoto. Mawe kumi na mawili yametolewa kushoto, na boti inazidi kulalia kushoto! Neville akatoa kichwa, uso umejaa vumbi, akakitazama kikombe mpaka kilipoanguka.

Nje mtu akakohoa. Wote wawili wakaruka.

"Ni mimi, Gutteridge! Mmekufa humo?"

Alikuwa jirani yao wa boti ya nyuma, mzee wa maneno mengi. Wakachungulia mlangoni. Tayari alikuwa analimulika jiko la zamani alilolitupa nje Neville wiki iliyopita, akitafuta la kumtania, tochi ikateleza hadi kwenye lile jiwe jembamba. Utani ukamkauka mdomoni.

"Hili mmelitoa wapi?" akanong'ona.

"Chini ya sakafu," Noreen alisema. "Nani huyo?"

"Mke wa mwenye boti mmoja, zamani. Waligombana hapa hapa, mume akaondoka na boti, akamwacha ukingoni. Mke akakimbia kando akilia achukuliwe, hadi mdomo wa handaki lile la mbele, mfereji unapopita chini ya kilima na njia ya kando inakatika. Akaendelea kukimbia." Akaimulika pua ya boti yao. "Kuna mtu amewagongea?"

"Amegonga," alisema Neville.

"Mkamjibu nini?"

Noreen akamgeukia mumewe. Gutteridge akarudi kwake bila kuaga, na wakasikia makomeo yake yakifungwa, moja, mbili, tatu.

"Nalirudisha chini," Neville akasema. "Sasa hivi." Akashuka ukingoni kulifuata jiwe.

Boti ikainuka, maana Neville ametoka.

Kisha ikainuka tena.

Noreen alikuwa ameshika meza. Sakafu ilikuwa imenyooka sawasawa, imenyooka vizuri ajabu, na harufu imekwisha. Yule mwanamke ametoka naye! Boti yao, nyumba yao, ilikuwa tupu. Akakimbilia nyuma kwenye usukani, akawasha injini, akaifungua kamba ya nyuma.

"Nev! Achana na jiwe! Fungua kamba ya mbele tuondoke!"

Giza lilikuwa limeshaingia na ukungu umekaa juu ya maji. Futi sitini mbele yake aliona kivuli kikiinama, na kamba ikadondoka majini. Pua ya boti ikaanza kuachana na ukingo.

"Panda, mpenzi! Panda upesi!"

Boti ikazama kidogo, mbele. Mara moja tu. Mtu mmoja. Noreen akashusha pumzi, machozi yakamtoka, akasukuma gia.

Handaki halikuwa mbali. Pua ilikuwa imeshaingia gizani aliposikia, kwa nyuma yake, mtu akipiga kelele kutoka ukingoni.

"Noreen! Noreen, mguu wangu! Nimeangukia jiwe! Mbona unaniacha?"

Akageuka. Tochi ya Neville ilikuwa chini, inamulika majani.

Akavuta gia kurudi nyuma. Injini ikanguruma, lakini tani kumi na saba za chuma hazisimami kwa kuombwa, na kuta za matofali zilikuwa zimeshambana kulia na kushoto. Njia ya kando ikakatika. Sauti ya mumewe ikabaki nje.

Mlango wa mbele ukafunguka. Ukafungwa.

Pua ya boti ikaanza kuinuka, polepole, hatua kwa hatua, kama mtu anayetembea ndani kuja nyuma. Na chini ya miguu ya Noreen, upande wa nyuma ukaanza kuzama.