Mkono wa Kushoto

Foleni ya kuingia kanisa kuu la Wawel, mjini Krakow, ilikuwa imejaa kama kila Jumamosi, na katika kusukumana Jagoda akamkanyaga mtu kwa kisigino.

"Bibie, mguu huo bado nauhitaji!" mwanamume akalalama. Alivaa koti la kijani lisilo na kifungo cha juu. Badala ya kununa, akamega mkate wake wa duara wenye ufuta, akampa nusu. "Kula. Huenda ni njaa inayokufanya ukanyage watu."

Jagoda akacheka, akaupokea. Ndivyo alivyompata Witold, fundi wa piano, na miezi saba ikapita simu zao hazipoi.

Mwezi Mei Witold akamrudisha kanisani, safari hii hadi juu ya mnara. Ngazi za mbao zilikuwa nyembamba, zikilia kila hatua, na gauni lake la bluu likinasa kwenye magogo. Jagoda alijua kinachomngoja juu.

Ilikuwa kengele kuu. Ulimi wake wenyeji huuita moyo, na msichana akiugusa kwa mkono wa kushoto, husema, ataolewa upesi.

"Haya, kipenzi," Witold akamshika mkono huo. "Msaidie bwana harusi, anaona haya."

"Niache!" Jagoda akauchomoa mkono, akashuka mbio.

Alipofika uani simu ikalia, ni Witold.

"Kama hunitaka si ungesema tu, Jagoda?"

"Witold, niliwahi kuugusa huo moyo wa kengele. Nikachumbiwa na Kajetan. Zikiwa zimebaki wiki mbili tufunge ndoa, gari likamuua." "Nikiugusa tena, utakuwa wewe," Jagoda akasema.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

"Pole, mpenzi wangu. Sikujua."

"Shuka basi tuongee."

"Siwezi."

"Umekasirika?"

"Siwezi kushuka! Naogopa urefu tangu utotoni. Nimekumbatia gogo hapa, watalii wananipiga picha."

"Sasa ulipandia nini, wewe mtu?"

"Nilikupandia wewe. Njoo unichukue, tafadhali."

Jagoda akautazama mnara. Alitamani kupanda tramu akajifungie kwake, asimpende mtu tena. Badala yake akazirudia ngazi, na kila ubao ulipolia aliliona jeneza la Kajetan.

Alimkuta Witold ameng'ang'ania gogo, uso mweupe kama unga.

"Usiiguse," Witold akamwambia haraka.

"Siigusi. Sitaki kengele inichumbie." Jagoda akamsogelea. "Witold, nawe utakufa?"

"Nitakufa, Jagoda. Siku siijui. Kwa ngazi hizi, pengine ni leo."

Kicheko kikamtoka Jagoda pamoja na machozi.

"Naogopa mno," akasema. "Naogopa, na nakutaka. Utanioa?"

Witold akaliachia gogo.

"Nitakuoa," akasema, akampa mkono.

Wakaanza kushuka, Jagoda mbele, wote wawili wakitetemeka.