Mteja Asiyejikwaa

"Leo ukifungua mdomo wako mbele ya mteja, tutakosana vibaya."

Hiyo ndiyo salamu niliyopewa asubuhi na mume wangu, nikiwa juu ya stuli napiga chokaa ukuta wa sebule. Hakuna habari za asubuhi, hakuna umeamkaje.

"Tukosane mara ngapi?" nikamuuliza. "Tangu juzi hatusemeshani, mpaka chumvi unaomba kwa jirani."

"Ndiyo maana tunauza. Hii nyumba imetuharibia ndoa."

Mtaani wanamwita Mdomo Asali. Ni dalali wa nyumba, anaweza kukuuzia choo ukadhani umenunua sebule. Mimi naitwa Mama Chokaa, fundi wa kukarabati majumba ya zamani. Hili letu tulilinunua likiwa gofu, paa limebonyea, popo wamejaa ghorofani. Kila ukuta nimeupiga chokaa mimi. Kila dirisha nimelivua, nikalikwangua, nikalirudisha mahali pake. Majina yetu yote mawili yapo kwenye hati, kwa hiyo bila sahihi yangu hapauziki hata msumari.

Na nilikuwa tayari kusaini. Ndiyo, mimi huyuhuyu! Kwa sababu alinishika mkono akaniambia, "Mke wangu, tuuze, tukaanze upya mahali pasipo na hata tofali moja la kugombania." Nilimpenda. Nikaona bora niikose nyumba kuliko nimkose yeye.

Simu yangu ikalia. Yeye yuko jikoni, mimi niko sebuleni, ananitumia meseji:

"Mteja yuko mlangoni. Vua hilo ovaroli. Na utabasamu, usinune kama umemeza limau."

Nikamjibu: "Ovaroli sivui. Limau ni wewe."

Mteja akaingia. Mwanamke nadhifu, mfamasia, viatu virefu, manukato yanatangulia.

"Karibu sana, dada," mume wangu akasema kwa ile sauti yake ya kazini. "Ndiyo mara yako ya kwanza kufika mtaa huu?"

"Ya kwanza. Nimepotea, mpaka nikaulizia kwa mchonga funguo hapo kona."

"Pole. Huyu ni mwenzangu kwenye umiliki." Akanionyesha kwa kidevu.

Mwenzake kwenye umiliki! Hakusema mke wangu. Nikameza, nikajiambia labda ndiyo lugha ya biashara.

Tukazunguka sebule, jiko, ua wa ndani. Yule dada akagusa ukuta.

"Mbona haung'ai?"

"Ni chokaa, dada," nikasema. "Ukuta wa zamani ukiupaka rangi ya mafuta unavimba na kubanduka."

"Mteja hakuja darasani," mume wangu akadakia.

"Na mimi sikuongea na wewe."

"Twendeni juu!" akasema, meno nje, macho yakinitukana.

Sasa hiyo ngazi ngoja nikueleze. Karibu na juu ina kipandio kimoja kilichoinuka kuliko vingine. Fundi wa zamani alikosea vipimo, na mimi nikakiacha kwa kuwa mbao zilikuwa nzima. Hakuna mgeni asiyejikwaa pale. Fundi umeme alijikwaa, vifaa vyake vikaporomoka mpaka chini. Mama mkwe alijikwaa, akaniita mchawi. Ndiyo maana mume wangu kila anapoleta mteja, wakikaribia pale hupaza sauti: "Mguu juu hapo!" Hajawahi kusahau hata siku moja, maana mteja akianguka na biashara imeanguka.

Siku hiyo hakusema kitu. Na yule dada, na viatu vyake virefu, macho yako kwenye simu, akafika pale akanyanyua mguu juu, akapita zake. Kama mtu anayepanda kwenda chumbani kwake.

Nikasimama.

"Dada."

"Abee?"

"Hapo umepitaje?"

"Hapo wapi?"

"Kipandio hicho. Mbona hujajikwaa?"

"Jamani!" mume wangu akaruka. "Mteja asipoanguka nalo ni kosa?"

"Wewe mbona hukumwambia mguu juu?"

"Nimesahau."

"Umesahau wewe, amekumbuka yeye?"

Mdomo Asali, mtu wa maneno, akawa anashikashika kola ya shati. Yule dada akamtazama, akanitazama mimi, akaitia simu mkobani.

"Mwambie," akamwambia. "Mimi kuigiza kumenishinda."

"Aniambie nini?"

"Dada, usinichukie kabla hujanisikiliza. Aliniambia mliachana zamani, mnagawana mali tu. Akasema nikishanunua tutafunga ndoa tuishi hapa. Ila wewe ukijua, hutasaini, kwa roho mbaya."

"Tuliachana?" Nikacheka kicheko kibaya hata mwenyewe kikanitisha. "Hilo shati alilovaa nimelipiga pasi mimi leo, tena huku nimenuna! Tunalala kitanda kimoja, usiku kucha tunanyang'anyana shuka!"

Yule dada akamgeukia.

"Na zile gauni kabatini? Si ulisema ni za dada yako?"

"Ah! Kumbe mpaka kabatini umefika!" Nikawatazama wote wawili. "Mimi nikienda kazini kujaza mapafu vumbi, nyie mko kabatini kwangu!"

"Mke wangu, nisikilize..."

"Leo nimekuwa mke? Si mwenzako kwenye umiliki?"

Yule dada akaanza kushuka. Katikati ya ngazi akageuka. "Mimi sinunui nyumba ya mke wa mtu ili nimfuge mume wake. Na namba yangu uifute." Mlango ukabamizwa, vioo vikatetemeka.

Tukabaki wawili. Akajaribu kunishika mkono uleule, nikauvuta.

"Shetani tu alinipitia."

"Shetani hajui udalali. Hii umeipanga mwenyewe: nisaini, nichukue mgao wangu, niondoke, wewe ubaki hapahapa kwenye kuta zangu na mwanamke mwingine. Toka kwangu."

Alichofanya ndicho walichozoea wanaume wa aina yake. Akampigia mama yake, akaweka sauti kubwa.

"Mama, ongea na mkweo. Ananifukuza."

"Umefanya nini?"

Akaeleza nusu, nusu iliyobaki nikaeleza mimi. Mama mkwe akaniita mimi, si mwanawe.

"Mkwe."

"Abee, mama."

"Mimi na wewe hatupatani."

"Hatupatani, mama."

"Mchuzi wako sijawahi kuupenda."

"Najua."

"Usisaini kitu chochote. Baba yake alinifanyia hivyohivyo. Nilisaini kwa sababu nilimpenda, nikatoka na begi, na huyo mtoto mgongoni."

Miaka yote hiyo nilidhani yule mama alizaliwa na ukali wake.

"Asante, mama."

"Usinishukuru. Bado sikupendi." Akakata.

Mume wangu akakaa kwenye ngazi, mikono kichwani.

"Sasa mimi nitaishi wapi?"

"Wewe si dalali? Mji mzima umejaa nyumba."

Alipotoka chumbani na begi lake, macho yamemuiva. Akasimama mlangoni.

"Niambie ukweli. Hunipendi tena?"

"Nakupenda, mpumbavu wewe. Ningekuwa sikupendi ningekuwa nimekushtukia zamani. Nilikuwa nakupa nyumba yangu huku nakushukuru."

"Basi tuyamalize."

"Yameisha. Toka."

Akatoka. Nikafunga komeo, nikakaa sakafuni, nikalia kwa sauti yangu yote. Hakuna aliyeniambia ninyamaze. Nilikuwa nyumbani kwangu.