Pingamizi Kwenye Tangazo la Tatu

“Rejoice! Umesimama katikati ya soko unaongea na nani?”

Nikafumbua macho. Alikuwa Mama Esnath, mama yake Yoeli, mchumba wangu. Kashika kikapu cha viazi, ananitazama kana kwamba nimevua nguo mbele za watu.

“Shikamoo, mama. Naongea na nafsi yangu.”

“Marahaba. Mbele ya Makambako nzima? Na baridi yote hii jasho linakutoka! Una nini wewe?”

Ningesema malaria, yakaisha. Lakini nilishachoka kusingizia malaria.

“Nina ugonjwa wa hofu, mama. Kwenye watu wengi moyo unaenda mbio, pumzi zinakata, naona nakufa. Natibiwa Njombe kwa mshauri anaitwa dada Hilda. Kaniambia nije nisimame sokoni, hofu ikipanda nisikimbie. Nivute pumzi taratibu, nijisemeshe, mpaka ishuke yenyewe.”

“Hiyo ndiyo dawa? Kusimama?”

“Ndiyo dawa. Na inanisaidia. Mwaka jana nisingefika hata pale kwenye vitunguu.”

“Yesu wangu! Kumbe mwanangu anaoa kichaa!”

Alisema kwa sauti mpaka muuza vitunguu akageuka. Nikabaki palepale. Nilikuwa sijamaliza kazi niliyotumwa.

Jioni Yoeli akanipigia.

“Rejo, mama hali wala hanywi. Anasema uache hiyo kliniki. Usipoacha, Jumapili kwenye tangazo la tatu anasimama.”

Sisi Walutheri ndoa hutangazwa kanisani Jumapili tatu, na kila mara mchungaji anauliza kama kuna mwenye pingamizi. Mbili zilishapita salama. Mimi nilizisikilizia nje, dirishani, maana kanisa likijaa siwezi kukaa ndani.

“Na wewe unasemaje?” nikamuuliza.

“Mama unamjua alivyo.”

“Yoeli, nakuuliza wewe.”

“Mwambie tu umeacha. Halafu utakuwa unaenda kimya kimya.”

“Hivi unanipenda au unanionea aibu?”

“Nakupenda. Lakini yule ni mama.”

“Na mimi nani? Mwizi, nijifiche?”

Nikamkatia simu. Nililia, sikufichi. Nilimpenda yule kaka mpaka nikajionea huruma. Baadaye ujumbe ukaingia: “Rejo tafadhali. Neno moja tu kwa mama, yaishe.”

Nikamjibu: “Nimejificha miaka mingi, hadi mazishi ya shangazi yangu nilishindwa kwenda. Sidanganyi tena. Mwambie mama yako asimame, na mimi nitakuwepo. NDANI.”

Alaa! Nilipokwisha kutuma, nikazima simu nisije nikaufuta.

Jumapili nikaingia, nikaketi benchi la mbele kabisa. Kanisa likajaa hadi kwaya ikakosa pa kukaa. Hofu ikapanda. Miguu ikataka mlango. Nikalishika benchi kwa mikono miwili.

“Natangaza kwa mara ya tatu na ya mwisho,” mchungaji akasoma, “ndoa kati ya Yoeli na Rejoice. Mwenye pingamizi aseme.”

“Mimi ninalo!”

Mama Esnath huyo, kasimama na kitenge chake kipya.

“Mimi ndiye mama mzazi. Huyu binti ni mgonjwa wa akili, anatibiwa Njombe. Mwangalieni, hata sasa anatetemeka!”

Watu wote wakanigeukia. Nikasimama.

“Ni kweli natetemeka. Ninyi nyote hapa nawaogopa. Lakini nimeingia, nimekaa, na sitoki! Nani hapa akivunjika mguu anafichwa uvunguni? Mimi natibiwa, na sitaacha kutibiwa kwa ajili ya mtu yeyote. Anayetaka kunioa anioe hivi hivi. Asiyetaka aseme leo hii, gauni nimelishona mwenyewe, nitaliuza.”

Mtu akacheka, akajizuia.

“Yoeli,” mchungaji akasema, “mama yako umemsikia, na mchumba wako umemsikia. Je, wewe?”

Yoeli akasimama, uso umemshuka.

“Mchungaji, mimi nilimwomba adanganye. Nilikuwa namwogopa mtu mmoja tu, mama yangu. Mwenzangu anaogopa kanisa zima na bado amesimama.” Akamgeukia mama yake. “Mama, nakuheshimu sana. Lakini huyu namwoa, na kliniki yake ataenda.”

“Yoeli!”

“Namwoa, mama.”

Mchungaji akavua miwani.

“Kuumwa na kutafuta tiba si pingamizi. Mama Esnath, kaa. Tangazo limepita.”

Vigelegele vikalipuka upande wa akina mama. Mimi nilibaki nimesimama, moyo bado unadunda, ila pumzi zilikuwa zimerudi.

Nje, Mama Esnath akanifuata.

“Umenidhalilisha mbele ya usharika mzima.”

“Hapana, mama. Nimejibu tu ulichosema. Harusini karibu sana, kiti chako kitakuwa mbele.”

Akajifunga kitenge chake upya. Yoeli akaja, akasimama mbele yangu kama mwanafunzi aliyechelewa.

“Nisamehe, Rejo.”

“Nitakusamehe. Lakini Jumatano nina kliniki, na wewe utanipeleka mchana kweupe. Pikipiki utaipaki pale getini kwa kliniki, kila anayepita aione.”

“Na honi nitapiga,” akasema.

Mama yake alikuwa bado pale, anasikia kila neno.