Kodi ya Chumba Kitupu

Jiko la gesi lilibaki moja, na mikono iliyolishika ilikuwa ya watu wawili. Ilikuwa siku ya punguzo la bei katika duka la vyombo, watu wanasukumana kana kwamba sufuria zinagawiwa bure. Upande mmoja alikuwa binti muuza dawa, gauni la njano limempenda, pochi kwapani. Upande wa pili, kijana mrefu mwenye ovaroli la buluu na bisibisi mfukoni.

"Dada, mimi nimeliona kwanza."

"Kaka, macho hayalipi."

"Basi oaneni mpike pamoja!" mwenye duka akafoka. "Kuna foleni hapa!"

Watu wakaangua kicheko. Kijana akaliachia jiko, lakini hakuondoka bila namba ya simu. Alikuwa fundi wa friji, mtaa mzima ukimwita Baridi, jina lisilomfaa hata kidogo, maana hakuwa mtu wa kupoa. Kesho yake alipiga simu kuuliza kama jiko halijambo. Keshokutwa akauliza kama mwenye jiko amekula. Muuza dawa akawa "Dokta wangu", ingawa hakuwahi kuusomea udaktari, na mwaka uliofuata wakaoana.

Wakapanga nyumba ya vyumba viwili, dirisha la jikoni likitazama ukuta wa jirani. Muuza dawa aliuza kitanda chake, vyombo vya ziada akampa mdogo wake, akaingia mzima mzima.

Mwezi wa kwanza waliishi kama wageni waalikwa nyumbani kwao wenyewe: leo kuku, kesho soda baridi, keshokutwa mapazia mapya. Mwezi haujafika mwisho, umeme ukakatika, na gesi ikaisha viazi vikiwa nusu vibichi.

"Baridi, tukae chini tupange. Mapenzi hayanunui umeme."

"Lakini gizani yananoga, Dokta."

"Nimesema kaa chini!"

Wakakaa, Jumamosi asubuhi, karatasi mezani. Kodi, umeme, maji, gesi, chakula, nauli, sabuni, kidogo cha kumtumia mama mkwe. Mshahara wa mke ulijumlishika vizuri. Wa mume ulikuwa na tundu.

"Hii nyingine inakwenda wapi?"

"Mambo madogo madogo tu, mpenzi," akasema, akaenda kuoga huku akipiga mluzi.

Simu yake ikaita. Muuza dawa akapokea, kama walivyozoea kupokeleana.

"Mwanangu, kodi ya chumba nimeipata," ilisema sauti ya mama mtu mzima. "Nimepiga kukushukuru tu. Wewe husumbui kama wengine."

"Chumba kipi, mama?"

"Kwani wewe nani?"

"Mke wake."

"Eh! Kumbe ameoa?"

Baridi alitoka bafuni na taulo kiunoni, akamkuta mkewe amesimama katikati ya sebule.

"Una chumba."

Mluzi ukakatika. "Ni kile changu cha zamani. Sijakirudisha."

"Yuko nani ndani?"

"Hakuna mtu."

"Mimi nimeuza kitanda, Baridi! Sina hata pa kulaza kichwa nje ya nyumba hii. Wewe umejiwekea pa kukimbilia."

"Si hivyo, Dokta." Muuza dawa alichukua pochi, akatoka. Chumba kile alikijua tangu enzi za uchumba, na leo alitaka kumwona huyo aliyekaa ndani yake.

Mama mwenye nyumba alifuta mikono yenye povu, akafungua kufuli kwa ufunguo wa akiba. Ndani hamkuwa na godoro, nguo wala kikombe. Sakafu tupu iliyofagiliwa, na msumari ukutani.

"Halali mtu humu," mama akasema. "Tangu ahame, huja jioni moja moja, anafungua, anasimama kidogo, anafunga. Siku moja nikamuuliza. Akaniambia baba yake aliwatoa nje, yeye na mama yake, mvua inanyesha. Alikuwa mdogo bado. Tangu hapo hataki kukosa mlango ambao ufunguo wake anao mwenyewe."

Muuza dawa alijua kwamba wakwe zake waliachana. Habari ya mvua hakuwahi kuambiwa. Alikuja kumfumania mwanamke, akamkuta mtoto aliyelowa, na hasira yake ikakosa pa kukaa. Uchungu ulibaki. Lakini alimpenda mtu yule, na sasa alimhurumia pia.

Njiani simu ikaita.

"Dokta, uko wapi?"

"Nanunua gesi."

"Unarudi?"

"Kwani nitaipikia barabarani?"

Alipofika, viazi vilikuwa vimemenywa vyote, hata visivyohitajika. Akaivuta karatasi, akaandika, kisha akasoma kwa sauti: "King'amuzi tunasitisha. Nywele atanisuka mdogo wangu. Wewe, soda za kazini basi. Kinachopatikana kinalipa hii hapa."

"Hii nini?"

"Kodi ya chumba chako. Kama ndicho kinachokupa usingizi, basi ni gharama ya nyumba, kama maji. Mama mwenye nyumba amenieleza. Ila usinifiche tena, Baridi. Umeniumiza. Umeniumiza sana."

Baridi alisoma mwenyewe: *chumba cha mume wangu*, kati ya gesi na sabuni. Machozi yakamtoka, wala hakuyafuta. "Nilikuwa naogopa, Dokta. Si wewe. Naogopa kuambiwa toka."

Kisha akachukua simu, akampigia mama mwenye nyumba, akaweka sauti ya nje.

"Mama, tafuta mpangaji mwingine."

"Yarabi, ni huu mdomo wangu! Mkeo amekufukuza?"

"Hapana, mama," akasema, mkono wake umeushika wa mkewe. "Amekataa kunifukuza."

Muuza dawa akaifuta kodi ile kwa mstari, kisha, bila kuombwa, akamrudishia soda zake.