Aliyempiga Taib

Mwanakuu alijua mambo yameharibika siku alipomkuta mumewe anatayamamu kwa vumbi la ukuta badala ya udhu wa maji, na birika la chooni limejaa maji pomoni. Mwengine angecheka. Yeye alirudi jikoni akakaa kitako.

Taib alikuwa fundi wa kanzu, mwenye kibanda chake Makadara, na moyo wake ulikuwa umechoka. Madaktari walimpasua chini ya bega la kushoto wakamtia kifaa kidogo: moyo ukipotea njia, kiupige shoti urudi. Kilimpiga adhuhuri moja, mkono umo ndani ya maji ya udhu, akaona kama teke la punda limetoka ndani ya mbavu zake. Tangu hapo aliogopa maji. Kisha akaogopa ngazi, cherehani, hata mkono wa mkewe.

Na vipigo havikukoma. Kwanza huja harufu ya nywele zilizoungua, kisha Taib hushika kifua akaruka kitini. Mwanakuu naye akaanza kuinusa harufu ile.

Hospitalini daktari alikisoma kifaa kwa mashine yake.

"Kimekupiga mara moja tu, mzee. Ile ya kwanza."

"Na hizo nyengine zote, nani anipigaye?"

Daktari alitabasamu, akauliza habari za chumvi, miguu kuvimba na pumzi. Hakuuliza kama analala, wala kama anaogopa. Hofu haikuwa na dawa katika kabati lao. Alilosisitiza ni moja: asiweke sumaku kifuani, maana kifaa kitalia, kisha hakitapiga tena hata moyo ukikihitaji. Onyo hilo Taib hakumwambia mtu nyumbani.

Lile swali lake ndilo alilolisimulia, na jibu likapatikana upesi, kwani mji huu haujapata uhaba wa majibu. Binti yao, Yumna, akamleta Maalim Shukri, mtoa majini.

Maalim alifunga madirisha mchana kweupe, akachoma ubani akaanza kusoma, na kadiri alivyosoma ndivyo harufu ya nywele ilivyoushinda ubani, ikajaa chumba, ikakaa kooni, hadi akatoa hirizi nyeusi iliyoshonewa sumaku ya kulivuta jini, akaifunga juu ya kovu, na papo hapo kifuani mwa Taib ukatoka mluzi mwembamba usio wa binadamu, ukaendelea na kuendelea, huku Yumna amejifunika leso usoni na Mwanakuu akiitafuta aya aliyoijua tangu utotoni asiipate.

"Hilo lalia," Maalim akanong'ona. "Lataka kutoka."

Mluzi ukakatika. Taib aliipapasa hirizi kwa vidole vya ufundi wake.

"Hii ni sumaku, Maalim?"

"Ni sumaku."

Angeweza kuivua. Lakini alikuwa amechoka kuogopa, na mtu aliyechoka hivyo hachagui tena baina ya uhai na mauti, huchagua usingizi.

"Basi iwache papo hapo," akasema.

Usiku ule alilala fofofo. Siku zilizofuata alitawadha kwa maji, akapanda ngazi, akamshika mkewe mkono mbele ya binti yao bila haya. Mwanakuu akagawa sadaka ya mahamri mtaa mzima. Ijumaa moyo ukapotea njia, na hapakuwa na wa kuurudisha. Walimkuta kando ya birika, udhu haujatimia.

Matangani watu walisema heri, amekufa akiwa ameshapona. Maneno hayo yalimchoma Mwanakuu kuliko kifo chenyewe, ila mwenye eda atabishana na nani?

Alikuwa ameketi chumbani peke yake, amevaa nyeupe, ilipomjia harufu ya nywele zilizoungua. Kisha kitu kikampiga kifuani kwa ndani, kikamtupa ukutani. Kifua hicho hakikuwa na kifaa, wala hakikuguswa na kisu cha daktari maisha yake yote.

Yumna alikuja mbio. "Mamangu, una nini?"

"Nimepigwa."

Binti alimwinua mamake, akamfuta jasho, akachukua simu kumwita Maalim Shukri. Aliyemponya baba hatashindwa na mama.