Pamba ya Papa Léonard

Sigara ilitoa moshi kabla mtu hajaivuta.

Gentille aliiweka mezani na kuitazama. Kidole chake hakikuwa kwenye kitufe. Moshi ulitoka kidogo, ukakoma, ukatoka tena taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala.

Akailaumu batri. Fundi anayeanza kazi hulaumu batri.

Sigara hiyo ya umeme ilikuwa ya kaka yake, Darius, aliyeileta kutoka Goma kwa pikipiki yake. Rezistansi, yaani kile kizunguko cha waya kinachochemsha maji matamu hadi yawe moshi, ilikuwa imeungua, na kijijini kwao Ngungu hakuna aliyekuwa na nyingine. Darius alimpa dada yake kipande cha waya, akamwonyesha video kwenye simu.

"Docteur wa redio, na hii utaiweza?"

"Ukifunga kinywa, nitaiweza."

Tangu alipotolewa shuleni, Gentille alikuwa akifungua redio mbovu za majirani, mikono yake ina njaa ya kujifunza kitu. Alizungusha waya mara sita kwenye bisibisi nyembamba. Miguu ya waya ikagusana, batri ikakataa. Akaanza upya, akaupasha hadi ukawa mwekundu kuanzia katikati, kama video ilivyosema. Ikabaki pamba ya kupitisha ndani ya mizunguko ili inyonye yale maji.

Pamba ya nyumbani ilikuwa ile iliyobaki kwenye msiba. Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu baba yao, Papa Léonard, afe kwa pumu, akiitafuta pumzi kutwa nzima. Jirani yao, Mama Rosalie, ndiye aliyeiziba pua ya maiti kwa pamba hiyo. Kipande cha kwanza kilikuwa chembamba mno. Alikichomoa puani, akakirudisha kwenye karatasi, akasokota kingine. Gentille alikikuta kile cha kwanza. Kilikuwa kimeshasokotwa vizuri, kinaingia sawasawa kwenye waya. Akakipitisha.

Darius alivuta, akatabasamu, kisha akakunja uso.

"Dada, hii iko na harufu ya ile dawa ya Papa, ya kupaka kifuani."

Gentille naye alikuwa ameisikia.

Siku ya pili Darius alivuta kidogo akatoa moshi mwingi. Siku ya tatu hakuvuta kabisa, na moshi ukatoka wenyewe pale mezani. Gentille alichomoa batri, akaitupa uani penye matope, lakini aliporudi ndani alimkuta kaka yake ameketi kitandani mchana kweupe, ukungu wa kilima umejaa mlangoni, na kutoka kinywani mwake ulikuwa unamwagika ukungu mwingine mweupe wenye harufu ya dawa, na kila ulipotoka kifua chake kilibonyea zaidi na kulia mluzi, ule mluzi ambao nyumba nzima iliusikia hadi siku ya kifo na kudhani umezikwa pamoja na mwenyewe.

Mama yao, Thacienne, alimwita Mama Rosalie, maana ndiye pia aliyekuwa mwombezi wa kilima kile. Alifika na Biblia ndani ya mfuko wa plastiki, akafungua ile sigara, akaona pamba. Haikuwa imeungua hata ukingo.

"Nani aliweka hii?"

"Mimi njo niliweka, Mama Rosalie," Gentille alikiri.

"Mutoto, pamba hii ilikunywa pumzi yake ya mwisho. Wewe umeipasha moto. Umemuamsha."

Akaweka mkono juu ya kichwa cha Darius, akaomba kwa sauti ya chini, muda mrefu. Kisha akauliza, "Léonard, unataka nini?"

Midomo ya Darius ikafunguka. Sauti haikuwa yake.

"Pumzi. Ile yangu iliisha. Munipe moja ya damu yangu, niende."

Thacienne alijifunika uso kwa kitenge. Gentille akapiga magoti mbele ya kitanda. Alijua alichotaka kusema.

"Papa, mimi njo nilikosa. Umuache Darius. Chukua yangu."

Mluzi ukanyamaza. Macho ya Darius yakamgeukia, yakampima kutoka kichwani hadi miguuni.

"Yako nitaifanya nini? Mutoto mwanamuke ni wa watu wengine. Darius njo wangu."

"Papa, siku ile yote mimi njo nilikushika kichwa."

"Njo ilikuwa kazi yako."

Rosalie alipaza sauti, akamwamuru kwa jina la Yesu. Kifua cha Darius kikabonyea mara moja, ukungu ukatoka mrefu bila kukatika, ukapita juu ya bega la Gentille bila kumgusa, ukaenda mlangoni, ukachanganyika na ule wa kilima. Kifua hakikuinuka tena.

"Ameenda," Rosalie alisema kwa unyonge. Hakusema ni nani.

Thacienne aliita jina la Darius, tena na tena, hilo tu. Gentille alibaki amepiga magoti. Kifua chake kilipanda na kushuka bila shida. Alikuwa na pumzi zake zote, na hakuna aliyezitaka.