Shahidi wa Tatu

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mashamba ya mahindi pembezoni mwa mji wa Kitale, Nabwile alikuwa amekwisha kukata majani ya nepia na kuyajaza horini. Baba yake, Walubengo, alikuwa akikamua. Huku akikamua, alisoma kwa sauti maandishi ya gunia la chakula cha ng'ombe lililotundikwa ukutani.

"Ki-lo sa-bi-ni. We-ka ma-ha-li pa-ka-vu."

Walubengo alikuwa na miaka arobaini na minane, naye alikuwa mwanafunzi wa ngumbaru. Kila Jumatatu na Alhamisi jioni alivaa koti lake jeusi, akachomeka kalamu mfukoni, akaenda kuketi kwenye madawati ya watoto pamoja na wazee wenzake. Mwalimu wao alikuwa amewaagiza wasome kila maandishi watakayokutana nayo, hata kama ni ya pakiti ya chumvi. Naye Walubengo aliitii amri hiyo kama mwanajeshi.

Nabwile alimpenda sana baba yake. Hata hivyo, wenzake walipopita njiani na kusikia "pa-ka-vu" ikitoka zizini, alitamani ardhi ipasuke immeze. Yeye alikuwa darasa la saba, wa kwanza katika Kiswahili. Isitoshe, alikuwa mwamuzi wa maneno.

Kazi hiyo ya uamuzi ilianza mwaka huo wa 2009. Mzee Hamdun, aliyekuwa na saiba, yaani duka la kompyuta na mtandao, karibu na msikiti, alikuwa na dada yake aliyeitwa Sharifo, mwalimu katika shule moja ya Kanduyi, kule Bungoma. Hao wawili walitengeneza mchezo wa maneno kwenye mtandao. Kila wiki vigae kumi vya herufi vilitokea kwenye kioo cha kompyuta. Wanafunzi wa Kitale waliunda maneno, na wa Bungoma vilevile, na kila herufi ilikuwa na alama zake. Mwisho wa wiki Mzee Hamdun alichapisha matokeo na maamuzi, akayabandika kwenye mlango wa saiba. Mara ya kwanza Nabwile alipobonyeza kitufe na neno lake likasomwa Bungoma kabla hajapumua, aliinuka akazunguka nyuma ya mashine kutazama lilikopitia. Aliona waya mmoja tu, mwembamba kama mkia wa panya. Alisimama pale akiutazama kwa muda mrefu.

Maneno ya kawaida hayakuwa na shida. Shida ilikuwa yale yasiyo ya kawaida. Kwa hayo, Mwalimu Kizito, mwalimu wao wa Kiswahili, alipatana na Mwalimu Sharifo juu ya sheria moja: Kitale waamue maneno ya Bungoma, na Bungoma waamue ya Kitale.

"Ati sisi tuwaamue wao, na wao watuamue sisi?" aliuliza Wakhungu, mvulana aliyeketi dawati moja na Nabwile. "Mwalimu, si hiyo ni kumpa fisi ufunguo wa zizi?"

Darasa zima liliangua kicheko. Mwalimu Kizito naye alicheka.

"Fisi akijua kwamba wiki ijayo yeye ndiye mbuzi, ataufunga mlango vizuri. Sikilizeni. Neno lisipopatikana kwenye kamusi, mwamuzi atauliza watu watatu ambao kazi yao inahusika na neno hilo. Ataandika majina yao, kazi zao na walichosema. Mpaka wa shamba huwekewa mashahidi, sembuse neno?"

Mwamuzi wa Bungoma aliitwa Ubaid. Nabwile hakuwahi kumwona, lakini alimjua kwa barua zake. Wakati mmoja Kitale walipeleka neno "tindo". Siku mbili baadaye Ubaid aliandika: "Nimeuliza mafundi mawe watatu hapa Kanduyi. Wa tatu, anayeitwa Wekoye, alinipa nilishike. Ni chuma kizito cha kuchongea mawe, na mkono wangu bado unauma. Neno ni halali. Mmetupiga leo, bana, lakini ngojeni!"

Ikafika wiki ya mwisho ya mchezo. Muuza vitabu mmoja wa Webuye alikuwa ameahidi kamusi kumi mpya kwa shule itakayoshinda. Shule ya Nabwile ilikuwa na kamusi moja tu, na panya walikuwa wamekula herufi yote ya D. Kitale walikuwa mbele kwa alama sita. Siku ya Jumatano, neno la mwisho kutoka Bungoma liliingia: DANG'A. Chini yake waliandika, "Linahusu maziwa." Kigae cha NG' peke yake kilikuwa na alama nane. Neno hilo likikubaliwa, Bungoma wangeshinda.

Nabwile alifungua kamusi. Kutoka C, kurasa ziliruka hadi E. Ilibidi aulize watu.

Alhamisi mvua ilinyesha tangu saa nane mchana hadi jioni. Nabwile na Wakhungu walijikinga chini ya paa la darasa, wakitazama maji mekundu yakipita uwanjani.

"Dang'a," alisema Nabwile. "Nimebeba maziwa tangu darasa la pili. Kama kungekuwa na maziwa yanayoitwa hivyo, ningekuwa nayajua."

"Si uandike tu hapana?" Wakhungu alisema. "Nani ataenda kuuliza? Kamusi kumi, Nabwile! Hii mvua yote ukatafute mashahidi, kwani wewe ni chifu?"

Nabwile alitikisa kichwa kukataa. Lakini Ijumaa jioni, siku ya mwisho ya kutoa uamuzi, aliketi saibani, akaandika:

"Bi Chepkemei, muuza maziwa: hajui. Mzee Kang'ethe, mwenye ng'ombe wanne: hajui."

Alihitaji mtu wa tatu. Alifikiri kidogo. Kisha akaandika, "Walubengo, mfugaji: hajui." Moyoni alijiambia, "Baba hasomi mambo ya kompyuta. Nani atamwonyesha?"

Akamaliza: "Neno limekataliwa." Akabonyeza kitufe.

Jibu la Ubaid lilikuja kabla hajainuka kitini. "Sawa. Kama mmeuliza watu watatu na hawalijui, basi. Hongereni Kitale." Nabwile alilisoma mara mbili. Alikuwa amejiandaa kwa ubishi, na ubishi haukuja. Alitembea hadi nyumbani bila kumsalimu mtu.

Kesho yake, Jumamosi, Walubengo alipeleka maziwa mjini kwa baiskeli kama kawaida. Alirudi adhuhuri. Nabwile alikuwa akiosha sufuria aliposikia sauti yake kutoka zizini.

"Nabwile! Kuja haraka, mama! Leta maji na kitambaa safi!"

Walikuwa na ng'ombe wawili. Kwa miaka mingi Walubengo alizoea kununua ng'ombe waliokwisha kuzaa na kuwauza maziwa yakikauka, kwa hiyo Nabwile hakuwahi kuona ng'ombe akizaa. Mmoja ndiye aliyekamuliwa kila siku. Wa pili, aliyeitwa Jioni, alinunuliwa akiwa na mimba. Sasa alikuwa amelala ubavu juu ya nyasi kavu, akikoroma taratibu. Nabwile aliona kwato mbili ndogo nyeupe zikichungulia nje, laini kama sabuni iliyolowa. Juu ya kwato ilifuata pua. Baba alipiga goti na kusubiri bila kuvuta. Jioni akasukuma, na ghafla kichwa, mabega na mwili wote ukateremka majanini kwa mkupuo mmoja, ukifuka mvuke.

Ndama alilala kimya.  Baba alimfuta pua, akamchokoa puani kwa unyasi, na ndama akapiga chafya. Masikio mawili yaliyolowa yakatikisika. Jioni akageuza shingo, akaanza kumlamba mwanawe kwa ulimi mpana.

"Baba," alinong'ona Nabwile, "sekunde chache tu zilizopita hakuwapo duniani."

"Na sasa yupo," alisema Walubengo. "Nimeona hivi mara nyingi, na bado kila mara ni kama mara ya kwanza. Tazama."

Ndama alikuwa akiinua kichwa.

Ndama alipojaribu kusimama, akaanguka, akasimama tena, Walubengo aliosha kiwele na kukamua kidogo ndani ya kikombe cheupe. Nabwile alitazama ndani. Maziwa yalikuwa mazito kama uji, ya manjano kama kiini cha yai. Alikuwa amebeba maziwa miaka mitano, na hayo hakuwahi kuyaona.

"Yameharibika?" aliuliza.

"Hivyo ndivyo na mimi nilivyodhani zamani. Ng'ombe wangu wa kwanza alipozaa, watu waliniambia ni uchafu. Nikayakamua yote nikayamwaga. Ndama wangu alikaa siku tisa, akafa. Wa pili pia nikafanya vivyo hivyo, naye akafa. Halafu nikaajiriwa kwenye shamba kubwa la ng'ombe. Msimamizi wetu, mtu wa Pwani, ndiye aliyenifunza. Hii ndiyo kinga ya ndama. Lazima anywe mapema, saa za kwanza tu. Hata mtoto mchanga wa binadamu ni hivyo hivyo. Maziwa ya kwanza ya mama yake asinyimwe." Walubengo aliinua kikombe kwenye mwanga. "Yanaitwa dang'a."

Nabwile alikikodolea macho kikombe. Ndama alikuwa ameipata chuchu, mkia wake ukicheza. Walubengo alikausha mikono kwenye suruali, akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua polepole. Ilikuwa ile karatasi ya matokeo ambayo Mzee Hamdun huichapisha na kuibandika kwenye mlango wa saiba.

"Leo nilipita pale nikasoma mlango, kama mwalimu wetu alivyotuagiza," alisema. "Nikaona jina langu. Nabwile, moyo uliruka! Sijawahi kusoma jina langu likiwa limeandikwa na mashine. Lipo kwenye kitambulisho, lakini wakati ule sikujua kusoma. Nikamwomba Hamdun karatasi nije nimwonyeshe mama yako. Kisha nikaendelea kusoma mbele."

Aliweka kidole chini ya mstari. "Wa-lu-be-ngo, m-fu-ga-ji." Kidole kikasimama. "Ha-ju-i."

Akakiacha kidole palepale. Kidole hicho kilimuuma Nabwile kuliko fimbo. Alimtazama mtu huyu aliyekuwa akimwonea haya, mwenye nyasi kwenye nywele na damu ya uzazi kwenye mikono, ambaye alijua kile kisichokuwa kwenye kamusi ya shule, na sasa alikuwa amekisoma mwenyewe.

"Baba, sikukuuliza," alisema, na machozi yakamtoka. "Sikumuuliza mtu yeyote. Bi Chepkemei wala Mzee Kang'ethe. Niliandika tu. Tulitaka kamusi."

"Saiba inafungwa saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

"Basi osha uso. Nitavaa koti langu."

Mzee Hamdun alimsikiliza Nabwile hadi mwisho, akivuta ndevu zake. Kisha akamwashia kompyuta bila kumdai hata senti. Nabwile aliandika: "Mwalimu Sharifo, Ubaid na wote wa Bungoma. Jana nilidanganya. Sikuuliza shahidi hata mmoja. Leo nimeiona dang'a kwa macho yangu. Neno ni halali, na ushindi ni wenu. Nisameheni."

Alipotaka kubonyeza kitufe, Mzee Hamdun aliinua mkono.

"Ngoja, binti. Jana uliwaandikia watu maneno yasiyo yao. Hao wawili utawafuata nyumbani kwao uwaombe radhi. Shahidi wa tatu si huyu hapa? Aseme mwenyewe."

Walubengo alitazama kushoto na kulia kana kwamba kulikuwa na Walubengo mwingine. Kisha akaketi. Alikunja mikono ya koti, akainamia herufi zilizotapakaa bila mpango mbele yake. Akaitafuta W. Alipoigusa nayo ikachomoza kwenye kioo, alirudisha kidole haraka kama aliyegusa jiko. Watu waliokuwa saibani wakaacha shughuli zao. Hakuna aliyecheka. Nabwile alisimama nyuma yake, midomo yake ikisukuma kila herufi pamoja naye, hadi mstari ukakamilika:

"walubengo mfugaji najua"

Akabonyeza kitufe.

"Limefika?" aliuliza.

"Limefika, Baba. Liko Bungoma."

Walubengo aliinuka, akazunguka nyuma ya mashine, akautazama ule waya mwembamba. Alitikisa kichwa. "Aisee," alisema kwa sauti ya chini.

Kamusi kumi zilikwenda Kanduyi. Jumatatu darasa lilinung'unika sana, hadi Wakhungu aliposimama akasema, "Mimi ndiye niliyemshauri. Mkikasirika, tukasirikieni sisi wawili." Mwalimu Kizito alimwondolea Nabwile uamuzi wa mchezo ujao, na akawatuma wote wawili kuzunguka kwa wafugaji, mafundi na wasusi, wakusanye maneno ya kazi zao na majina ya waliowaambia. Kabla muhula haujaisha, daftari lao lilikuwa limejaa. Baadaye bahasha ilifika kutoka Bungoma. Ndani yake mlikuwa na kurasa zilizoandikwa kwa mkono: herufi ya D yote. "Tulinakili kwa zamu," Ubaid aliandika. "Tazameni dang'a ipo."

Siku hiyo jioni, nyumbani, Nabwile alizibandika kurasa hizo kwenye kamusi ya shule aliyoiazima, huku baba yake akiandika jina la ndama kwa chaki kwenye mlango wa zizi. Alimwita Shahidi.

"Baba, bado umekasirika?"

"La, mama. Mimi pia nilimwaga nisichokijua, na ndama wawili wakafa." Walubengo alipuliza chaki kwenye vidole. "Usilimwage jambo kwa kuwa hulijui. Uliza kwanza. Na ukishauliza, sema ulichoambiwa, hata kama kitakushinda. Kamusi zitanunuliwa siku nyingine. Neno la mtu likishakuwa la uongo, hakuna duka linaloliuza jipya."

Kisha akarudi nyuma hatua mbili, akausoma mlango wake kwa sauti kubwa. Njiani walikuwa wakipita wanafunzi. Nabwile aliwapungia mkono wasimame wasikilize.